Ngoma ya Kuchakulo Iliyokosa Duara

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nyie mliokaa nyuma mmejibu kama mmenyimwa chakula. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, tena si kale sana, maana mashine ya muziki ilikuwa imeshafika porini, aliishi Kuchakulo. Mnamjua, yule mnyama mdogo wa mitini mwenye mkia kama ufagio. Aliishi na mama yake na dada yake kando ya mto.

Siku moja watu waliopiga kambi pale walikimbia mafuriko, wakaacha kisanduku. Chakula cha kisanduku kilikuwa jua. Ukibonyeza kitufe chekundu, kinameza sauti. Ukibonyeza cha kijani, kinaitoa, tena na tena na tena. Kuchakulo alifurahi huyo! Akakilisha mvua, tapu-tapu. Akakilisha miguu ya Kiboko, dum, dum. Akakilisha na mama yake akivunja mbegu, ka-ka-ka, huku akiita, "Chwi! Njooni mle, wanangu!"

Mwezi ule ule Mwewe akashuka, fyuu! Akamchukua mama.

Dada mtu hakuweza kukaa kwenye tundu lile. Akavuka mto kwa gogo lililoanguka, akahamia ng'ambo kwenye miti ya mikoche. "Usinifuate, mdogo wangu," alisema. "Nitarudi siku nitakayomsikia mama akiniita."

Yalikuwa maneno ya uchungu tu. Lakini Kuchakulo aliyashika. Akaziunganisha sauti zake zikawa ngoma moja. Dum, tapu-tapu, ka-ka-ka, chwi! Akiisikiliza analia. Ikiisha anairudia. Alimtamani mama, alimtamani dada, na kisanduku kilikuwa kizito mno kuvushwa kwenye gogo.

Sasa, kila mavuno ya matunda wanyama walicheza mbele ya Mzinga, gogo kubwa lenye uwazi. Ukipiga hapo, sauti inavuka mto. Lakini ilikuwapo mila. Korongo huitaja kwanza ngoma kwa jina, kisha wachezaji huichorea duara mchangani. Isiyo na jina haina duara. Isiyo na duara haipigwi.

Kuchakulo akakisukuma kisanduku, kuru-kuru-kuru, mpaka kwa Korongo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ngoma gani hiyo?"

"Sijui, babu. Ni ngoma tu."

"Ngoma tu haichezwi! Watu watajuaje waingie duara gani?" Korongo akaisikiliza, shingo upande. "Ina dum. Ni Dundadunda."

Chiriku akadakia. "Dundadunda gani ina mvua? Hiyo ni Dundadunda ya Masika!"

"Masika gani yana mbegu?" akafoka Nyegere. "Hiyo ni Kakaka!"

"Kakaka hailii," akasema Kiboko. "Hii inalia. Ni Kakaka ya Majonzi."

"Ya Majonzi ya Haraka!"

"Ya Majonzi ya Haraka Kidogo!"

Kila jina, duara jipya. Chora, hama. Chora, hama. Mwishowe kila mnyama alisimama peke yake ndani ya duara lake, amemnunia jirani. La Kiboko halikumtosha. Mguu mmoja ulibaki nje, akaambiwa mguu ule ni wa ngoma nyingine.

"Iondoe hiyo sauti inayoita," Korongo akashauri. "Ndiyo inayotuchanganya. Ukiiondoa, jina nakupa sasa hivi."

Kuchakulo akakitazama kisanduku. Jina angepata, na Mzinga angepata. Lakini ng'ambo zingefika dum na tapu-tapu tu, na dada angeendelea kutafuna makoche yake.

"Siwezi, babu."

"Basi nenda zako."

Jua lilikuwa linainama, na likizama kisanduku hulala. Wanyama wakaendelea kubishana. Mbele ya Mzinga hapakuwa na mtu. Kuchakulo akasukuma, kuru-kuru-kuru. Akabonyeza kitufe cha kijani.

Dum. Tapu-tapu. Ka-ka-ka. "Chwi! Njooni mle, wanangu!"

Wabishi wakageuza vichwa. Kiboko akatoka kwenye duara bila kujua. Nyegere, mgomvi yule, akafuta kamasi.

"Chwi! Njooni mle, wanangu!"

Mara kwenye gogo la mto, tata-tata-tata! Dada mtu huyo, mbio! Akapita katikati ya wanyama, mkia wake ukafagia maduara yote. Akatia kichwa ndani ya Mzinga, akatafuta huku, akatafuta kule. Hamna mtu. Akakiona kisanduku. Akamwona mdogo wake.

Korongo akamsogelea polepole. "Binti, kumbe unaijua ngoma hii. Inaitwaje?"

"Ni mama," akasema. "Anatuita tukale."

Korongo akakunja shingo, akakaa kusikiliza.

Jua likazama, kisanduku kikalala, na sauti ikakatika.

"Kesho ataita tena?" dada mtu akauliza.

"Jua likitoka, dada."

"Basi nitalala nyumbani."

Sasa sikilizeni, wadogo kwa wakubwa. Jina ni zuri, linatusaidia kuita. Lakini usikatae kusikiliza kwa sababu jina hujalipata, wala usikitoe kitu moyo wake ili kikae ndani ya jina.

Hadithi yangu imeishia hapo. Atakayeniuliza ni hadithi ya aina gani, akachore duara lake, akae humo peke yake.