Jini la Fisi Halina Kisa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walikuwa na nyumba, majiko na majirani wa kusengenya kama sisi. Siku moja jioni Fisi akaingia kijijini kwao na mchezo wake wa majini.

Wacha! Moshi mwekundu, moshi wa kijani. Ngoma, du! du! du! Jini likachomoka motoni, pwaa! Likapigana na moto, likafa, likafufuka, likafa tena. Lilifufuka kwa nini? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Wote walikodoa macho, vinywa wazi. Mimi ningekuwapo ningejiendea zangu nikalale.

Moshi ulipotawanyika, Mama Digidigi akapiga ukunga.

"Mwanangu! Siwatu wangu! Alikuwa hapa hapa, kaniegemea!"

"Jini limemchukua," Fisi akasema taratibu. "Yuko kuzimu. Pole, dada. Nendeni nyumbani, jini halipendi kelele."

Tembo mzima, na ukubwa wote ule, akaanza kurudi nyuma. Mama Digidigi akabaki akigaragara mchangani, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Nguchiro, yule mdogo asiyefika hata goti la Fisi, akasogea mbele.

"Shemeji Fisi, mchezo wako mtamu. Lakini mbona hauna kisa? Hilo jini limetoka wapi? Linamtakia nini mtoto wa watu?"

"Jini ni jini!" Fisi akafoka, jasho likimtoka. Nyuma yake Chui, ambaye ndiye aliyecheza jini, alikuwa akifunga mizigo harakaharaka.

Nguchiro akashusha sauti. "Hawa wakifika nyumbani watajiuliza. Wakijiuliza, watarudi na marungu. Niache niwape kisa, waondoke wameridhika."

Fisi akafikiri. Kisa kweli hakuwa nacho.

"Fanya upesi," akanong'ona.

Nguchiro akapanda juu ya jiwe. Chui alikuwa amekwisha kumkazia macho.

"Paukwaaa!"

"Pakawa," wakaitikia wanyama kwa woga.

"Sisikii! Na watoto pia, popote walipo! Paukwaaa!"

"Pakawa!"

Akanyamaza. Wote wakanyamaza. Ndipo, kutoka ndani ya tenga la mavazi ya Chui, kikasikika kisauti kilichochelewa kidogo:

"Pakawaaa!"

Mnaona? Chui alimwambia Siwatu kwamba akilia tu, ataliwa. Mtoto wa watu hakulia. Lakini hakuambiwa asiitikie hadithi, na ni mtoto gani asiyeitikia?

Mama Digidigi alikuwa wa kwanza kufika. Akamtia Chui kichwa cha tumbo, bu! Chui akaanguka chali. Kaangushwa na digidigi, jamani! Tenga likapinduliwa na Siwatu akatoka, masizi usoni, akimng'ang'ania mama yake shingoni. Mama alilia kwa furaha mpaka akakosa sauti.

Tembo naye akakumbuka kwamba ana mkonga. Akamnyanyua Fisi, akamzungusha, puu! chini. Tangu siku hiyo Fisi hutembea kiuno kimeinama.

Basi wajukuu zangu, penye moshi mwingi na kisa hakuna, hesabuni watoto wenu.