Majina Ishirini na Sita ya Gulio la Kirambwe

Sogeeni tukae vizuri, wakubwa kwa wadogo. Kisa nitakachowapa hakina mwisho. Nimeutafuta mwenyewe miaka mingi nikaukosa. Nyinyi mkiupata, mtaniambia.

Palikuwa na nchi mbili zilizotenganishwa na mto Sanzua. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita. Serikali ya huko ilipigana na wapiganaji wa huko huko, na nchi ya upande wetu ikapeleka askari na ndege kuisaidia. Wengine walisema ni haki, wengine walisema ni aibu, na watu wa nyumba moja wakaacha kusalimiana kwa ajili hiyo.

Upande wetu palikuwa na redio ya taifa. Ilikuwa redio ya wote, iliyolipiwa na kodi ya kila mtu, na saa saba mchana nchi nzima ilisikiliza taarifa yake ya habari. Lakini masikio ya watu yalianza kunasa kitu. Askari wetu akifa, redio ilisema ameuawa. Mtu wa ng'ambo akifa, redio ilisema amepoteza maisha, kana kwamba maisha ni mwavuli aliousahau mahali. Bomu la wapiganaji liliitwa shambulio la kinyama. Bomu letu liliitwa operesheni. Hapakuwa na sentensi hata moja ambayo ungeishika ukasema huu ni uongo, na hilo ndilo lililowatia watu baridi.

Katika redio hiyo walikuwepo watatu.

Wa kwanza ni Elinami Chambuso, mwandishi wa habari. Kipaji chake kilikuwa masikio. Gari likipita nje alikwambia ni la nani, na kwamba breki zake zimekwisha.

Wa pili ni Nyamizi, mfasiri. Mama yake alizaliwa ng'ambo, naye alikijua Kisanzua mpaka utani na matusi yake. Kipaji chake kilikuwa uaminifu: neno lilipita kwake bila kupungua wala kuongezeka.

Wa tatu ni Mzee Shekiondo, msomaji wa habari kwa miaka thelathini. Ndiye aliyetangaza mafuriko, matokeo ya mitihani na misiba ya taifa. Kipaji chake kilikuwa kuaminiwa. Watu wakibishana, mmoja akasema, "Nimemsikia Shekiondo mwenyewe," ubishi uliishia hapo.

Sasa sikilizeni.

Jumanne moja ilikuwa siku ya gulio katika mji wa Kirambwe, huko ng'ambo. Chambuso alikuwa umbali mfupi kutoka hapo, amefuatana na jeshi letu. Akasikia mngurumo angani, halafu ardhi ikatikisika. Ofisa mmoja akamjia, akamwambia, "Lori la silaha la wapiganaji limelipuka lenyewe sokoni. Andika hivyo."

Chambuso hakuandika. Alikwenda kwa miguu mpaka gulioni. Alikuta vitunguu vimetapakaa kila mahali, na viatu vingi kuliko watu. Lori hakuliona. Katikati ya vile viatu ameketi mwanamke juu ya kreti, nguo zake zimejaa chumvi, anasema peke yake. Chambuso hakukijua Kisanzua. Alimwonyesha kinasa sauti. Yule mama akakitazama, akajigusa mdomo, akaitikia kwa kichwa, kisha akaanza upya tangu mwanzo. Akasema kwa dakika kumi na moja. Katikati ya maneno yake ngurumo ikarudi juu, ikazunguka mara moja, ikaondoka. Chambuso aliijua ndege hiyo. Alikuwa ameisikia kila sherehe ya uhuru tangu akiwa mtoto, amebebwa mabegani na baba yake, akiipungia mkono.

Kwenye daraja la kurudi, askari wetu walikuwa wanapekua kila mtu. Chambuso akatoa ndani ya kinasa sauti kadi ndogo iliyohifadhi ile sauti, akaiweka chini ya ulimi.

"Jina lako?"

Kimya.

"Bubu wewe?"

Akaitikia kwa kichwa. Askari hakumwamini, akampiga kitako cha bunduki shavuni. Jino likavunjika. Chambuso akameza damu, akameza na kipande cha jino, lakini kadi hakuimeza. Walichukua kinasa sauti na daftari, wakamwacha apite.

Ndivyo sauti ilivyovuka mto.

Asubuhi iliyofuata, mhariri mkuu, Bwana Kaswija, alikuwa ameshaandika habari yake: watu kadhaa wamepoteza maisha kufuatia mlipuko katika soko la Kirambwe. Kaswija hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na simu mezani, na simu hiyo ilikuwa imelia mara nne. Alimpa Nyamizi vipokea sauti vya masikioni asikilize kadi aliyoileta Chambuso, akamwambia, "Nifasirie kwa ufupi. Nataka kujua tu kama huyo mama ametaja lori."

Nyamizi akasikiliza. Mwanamke yule alianza hivi: "Nitatanguliza jina langu, wasije wakasema ni maneno ya mtu ambaye hakuwepo. Mimi ni Ndelwa, nauza chumvi, meza ya tatu kutoka kisimani. Waliouawa leo ni hawa." Kisha akataja majina, moja moja, bila haraka, kila jina na alichokuwa akiuza.

Jina la tisa lilikuwa Kabula, muuza mitungi. Kabula alikuwa mama mdogo wa Nyamizi.

Kalamu ya Nyamizi ilisimama. Kaswija akamtazama. Kama angelia, wangesema ana ndugu ng'ambo, ana upande, na tafsiri yake yote ingetupwa. Akaandika: tisa, Kabula, muuza mitungi. Akaendelea na la kumi.

Alipomaliza, Kaswija akasoma, akasema, "Hapa weka 'wamekufa'. Inatosha."

"Kisanzua kina neno la kufa na kina neno la kuuawa, bosi. Yeye ametumia la kuuawa."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Na hilo jina lake mwenyewe, lina haja gani?"

"Amelisema," alijibu Nyamizi. "Siwezi kumnyamazisha."

Kaswija akaisukuma karatasi pembeni, akaenda kupokea simu iliyokuwa inalia. Nyamizi akaichukua, akaenda nayo chooni. Akafungulia bomba la maji mpaka mwisho, ndipo akalia.

Ikabaki dakika tano kufika saa saba. Mzee Shekiondo alikuwa studio, amevaa miwani, mbele yake karatasi ya Kaswija. Nyamizi akaingia, Chambuso nyuma yake na shavu limevimba. Nyamizi akaweka karatasi yake mezani.

"Mzee, hiki ndicho alichosema."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ndiyo wanayotaka useme."

Shekiondo akazisoma zote mbili. Akamgeukia Chambuso. "Hiyo ndege. Una hakika ni ya kwetu?"

"Nina hakika, mzee wangu."

"Mwanangu Jumbe ni fundi wa ndege hizo. Yuko huko nazo."

Taa nyekundu ikawaka. Shekiondo akasalimia taifa kama siku zote, kisha akasema, "Watu ishirini na sita wameuawa kwa bomu lililodondoshwa na ndege ya jeshi letu katika gulio la Kirambwe. Aliyeshuhudia ni Ndelwa, muuza chumvi, meza ya tatu kutoka kisimani. Majina yao aliyataja kama ifuatavyo." Akasoma majina yote ishirini na sita kwa sauti ile ile aliyosomea matokeo ya mitihani. Kaswija alikuja mbio mpaka mlangoni, akashika kitasa, lakini hakukizungusha. Alisimama hivyo mpaka jina la mwisho.

Nchi ilitulia kama nyumba iliyosikia hodi isiyoitarajia. Kisha makelele yakaanza. Kuna waliolia, na kuna waliopiga simu wakisema redio imenunuliwa na adui. Shekiondo alipotoka getini, Sikujua, dada aliyeuza chai pale, hakumwamkia.

"Kaka yangu alikanyaga bomu la ardhini la hao wapiganaji," alimwambia. "Redio ikasema ameuawa. Sawa. Jina lake ulilisoma?"

"Sikulisoma."

"Miaka mitatu nakuuzia chai, mzee. Leo umesoma hadi majina ya wauza mitungi. Sasa nani anapendelewa?"

"Aliitwa nani?"

"Umechelewa," akasema Sikujua, akageukia birika lake.

Wote watatu walifukuzwa kazi wiki hiyo. Lakini majina yalikuwa yameshatoka. Wabunge wakaulizana maswali waliyokuwa wanayakwepa, na kabla mwezi haujaisha ndege zikakatazwa kukaribia masoko. Magulio mengine yakafanyika, watu wakanunua chumvi na kurudi nyumbani wazima. Ni wangapi walipona? Hakuna ajuaye, maana hakuna anayehesabu wasiokufa. Mwaka uliofuata vita vikaisha. Jumbe akarudi, akakaa kibarazani kwa baba yake.

"Baba, uliiambia nchi kwamba tumewaua."

"Nilisema wameuawa."

"Mimi ndiye niliyekagua ile ndege asubuhi ile. Ilikuwa nzima kabisa." Tangu hapo huzungumza na baba yake mambo ya mvua tu.

Na Ndelwa? Siku ya tisa baada ya matangazo, gari lilifika Kirambwe mchana kweupe. Waliomo hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja mpaka kisimani, wakahesabu meza, moja, mbili, tatu, wakamwita kwa jina lake. Akapanda. Hajaonekana tena, wala mwili wake haujapatikana.

Habari hiyo ilipowafikia wale watatu, kila mmoja akapata mgeni asiyeondoka. Chambuso alianza kusikia, katika maji yanayochemka, katika upepo wa dirishani, ile pumzi fupi aliyovuta yule mama kati ya jina na jina. Nyamizi akashindwa kununua chumvi. Akifika dukani hutuma mtu. Shekiondo, ambaye sauti yake ilijulikana nchi nzima, akawa anasalimia kwa mkono tu. Akiambiwa asome barua mbele ya watu, humpa mwingine.

Miaka minne ikapita. Ndipo watu wawili wakavuka mto kutoka Kirambwe, wakawakuta wote watatu nyumbani kwa Nyamizi. Mmoja ni Lusangi, fundi baiskeli, ambaye mke wake alikuwa wa kumi na saba katika yale majina. Wa pili ni mwanamke kijana, mwalimu wa shule, ambaye mwanzoni hakujitambulisha.

Lusangi akasema, "Kwetu, watu wengi wakifa pamoja, tunamweka mtu mmoja wa kushika majina yao. Anapewa kiwanja karibu na kisima na kigoda cha mbele. Kila mwaka siku ile ile anayasoma, na mji mzima unasimama. Akifa, anazikwa pamoja nao. Kabla ya redio yenu tuliambiwa ni lori, tukakatazwa hata kuweka matanga. Nyinyi ndio mlioturudishia watu wetu. Lakini nafasi ni moja. Nani kati yenu alitupatia majina?"

Chambuso akasema, "Mimi niliyabeba mdomoni. Bila mimi yangebaki pale chini pamoja na vitunguu." Akafungua kinywa, wakaona pengo.

Nyamizi akasema, "Alibeba sauti asiyoielewa. Bila mimi yangekuwa makelele ya mama mmoja analia. Na la tisa, Kabula, alikuwa mama yangu mdogo. Sikupata kumlilia mbele ya mtu hata mmoja." Chambuso na Shekiondo wakamtazama. Ilikuwa mara yao ya kwanza kulisikia hilo.

Shekiondo akasema polepole, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa bila kutumika, "Karatasi ilikuwa karatasi. Nani angeiamini? Waliamini kwa sababu nilisema mimi. Nami nilijua mwanangu yuko wapi wakati naisoma."

Lusangi akamwitikia kila mmoja, maana kila mmoja alisema kweli.

Ndipo yule mwanamke kijana akanyanyua uso. "Naitwa Tegeme," akasema. "Ndelwa ni mama yangu. Kigoda hicho kimewekwa karibu na changu, nilichopewa kwa ajili yake, tutakaa bega kwa bega. Kwa hiyo na mimi nina swali, na ni lile lile la Mzee Lusangi. Ndani ya yale maneno lilikuwemo jina la mama yangu, na meza yake. Nani kati yenu alilitoa hadharani?"

Chambuso alikuwa na nafasi ya kumfuta Ndelwa. Hakujua mama yule anasema nini, lakini alijua ni sauti ya mtu aliye hai. Nyamizi alikuwa na nafasi ya kumruka, na aliulizwa kabisa lina haja gani. Shekiondo alikuwa na nafasi ya kumeza mstari mmoja, nani angemwona? Na Ndelwa mwenyewe alilitanguliza jina lake akijua anachofanya. Au hakujua?

"Mama alitaka litajwe," akasema Tegeme. "Namjua. Sijui tu kama alitaka litajwe na nyinyi."

Lusangi akawaambia wawajibu wote wawili kwa pamoja: atakayesema "ni mimi" kwa swali lake, aseme "ni mimi" kwa la Tegeme pia. Akangoja. Chai ikapoa mezani. Kisha wageni wakaaga kwa heshima, wakarudi ng'ambo na swali lao. Hadi leo kigoda kiko pale karibu na kisima, na siku ile ikifika mji unasimama, na hakuna aliyekikalia.

Sasa ni zamu yenu. Kigoda ni kimoja, na anayekikalia anachukua yote, heshima ya wale ishirini na sita na macho ya Tegeme. Aketi aliyeibeba sauti, aliyeipa maana, au aliyeifanya iaminiwe? Wewe uliyekaa hapo, ungemwita nani kwa jina?