Anayeitika Pangoni

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu, nawe uliyekaa mlangoni ingia ndani, Pimbi aliishi na wanawe katika pango la mlima wa mawe. Pimbi mnamjua: kanyama kadogo, hata mkia hakana. Lakini akili? Weee!

Mchana mmoja wa mawingu akasikia vishindo, du! du! du! Akachungulia. Tembo, Nyati na Fisi wanapanda mlima.

Fisi! Moyo ukamlipuka.

"Wanangu, kimbieni kule nyuma mkajifiche kwenye ufa! Wageni wakishaitikia hadithi, nanyi semeni, 'Njoo, Fisi!' Mmesikia?"

"Ndiyo, mama." Wakatawanyika, parakacha!

"Hodi!"

"Karibuni, wakubwa zangu."

"Sisi ni watafiti," akasema Tembo. "Tumekuja kusikiliza hadithi ya Anayeitika pangoni. Mimi nataka kujua ni akina nani walioishi humu kabla yetu."

"Mimi natafuta maji," akasema Nyati. "Hadithi za mapango huwa zinajua chemchemi zilikojificha."

"Nawe, Bwana Fisi?"

"Mimi nachunguza magonjwa ya watoto," akajibu Fisi, udenda ukimchuruzika. "Kwani wako wanalala wapi?"

Mlafi huyo! Hata aibu hana.

"Subiri hadithi," akasema Pimbi, akawaingiza ndani gizani. "Bibi yangu alisema humu yumo asiye na mdomo. Ukisema 'njoo', anaiazima sauti yako. Akikuita kwa jina, usikae."

Pimbi mwenyewe hakuyaamini maneno hayo. Alizoea kuwatishia wanawe tu, wasichezee shimo la kule nyuma.

"Hadithi, hadithi!" akaita.

"Hadithi, njoo!" wakaitikia wote watatu.

Tone la maji likadondoka mahali fulani, to!

Kisha kutoka nyuma kabisa, kwa sauti ya Fisi mwenyewe: "Njoo, Fisi. Watoto wanalala huku."

Pimbi akastaajabu. Kumbe wanawe wanajua kuigiza hivi!

Manyoya yakamsimama Fisi. "Na... nani huyo?"

"Njoo."

"Mama weee!" Fisi akatoka mbio, vuu! Akabingirika mlima mzima, wala hakugeuka nyuma.

Nyati alikuwa ametega masikio. "Sauti ile imepita juu ya maji," akanong'ona. "Kuna maji mengi chini humu."

Tembo alikuwa akitetemeka, mkubwa vile. "Basi kumbe wale wa kale hawajahama," akasema. Wakatoka kinyumenyume, wote wawili, bila kuaga.

Pimbi akacheka hadi akashika mbavu. "Njooni, wanangu! Mla watu kaenda zake!"

Watoto wakaja. Lakini hawakutokea nyuma. Walitokea mlangoni, majani yamewaganda mwilini.

"Tusamehe, mama," akasema mkubwa wao. "Tuliogopa kwenda kule. Si ulituambia yumo? Tulikuwa nje kichakani muda wote."

Pimbi akaacha kucheka. Na pale nyuma yake, gizani, sauti yake mwenyewe ikasema taratibu:

"Njooni, wanangu."

Pimbi akawakumbatia wanawe wote, wakatoka, na pangoni mle hawakulala tena.

Ndiyo maana, wanangu, hadithi ya wazee huchunguzwa na wengi, kila mmoja na lake, kwani hata anayeisimulia hajui yote yaliyomo.