Asili ya Udenda wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Mtangani, alikuwapo maskini mmoja jina lake Shekuwe, mfagiaji wa baraza ya Sultani Zahiri. Siku moja Sultani alishiba pilau, akasinzia mbele ya watu, na udenda ukamtiririka hadi ndevuni. Mawaziri wote wakatazama dari. Shekuwe peke yake alimwonea huruma, akampelekea kitambaa na kumnong'oneza, "Bwana wangu, udenda."

Sultani akaona haya, na haya ile ikageuka hasira. Akasema udenda ni neno la watoto wachanga na ng'ombe, halimhusu mfalme. "Basi Ijumaa uniletee hapa asili yake na maana yake, niione kwa macho yangu. Ukishindwa, utauhama mji huu." Shekuwe akaingiwa na hofu kubwa, kwani mama yake alikuwa kikongwe asiyeiweza safari.

Ijumaa ikawadia. Kadhi akatoa hoja kwamba asili yake ni usingizi. Waziri akashikilia kuwa ni jino la kwanza la mtoto. Shekuwe hakubishana na mtu. Aliketi mkekani, akafunua kikapu, akatoa embe bichi, akalimenya polepole, akalikata vipande, akanyunyizia chumvi na pilipili, akala huku amefumba macho.

Na desturi ya baraza ile ilikuwa kwamba, ila aliyekileta na kukionja, hakuna anyooshaye mkono kwenye chakula, wala kugusa kinywa chake, mpaka Sultani aanze. Naye Sultani, kwa kiburi, hakuanza. Ikawa mate yamewajaa wote. Kadhi akameza mara tatu, ya nne ikamshinda. Waziri akajitia kukohoa. Sultani mwenyewe, macho kodo, akahisi tone linamshuka kidevuni.

"Bwana wangu," akasema Shekuwe, "hukuniamuru niseme, uliniamuru nilete. Asili yake ni hii kikapuni. Na maana yake, moyo umekwisha kukubali, kiburi ndicho kinachokataa bado."

Shekuwe akamwaza mama yake. Sultani akamtazama kadhi, akajitazama ndevu, kisha akacheka hata kilemba kikamlegea. Akanyoosha mkono.

"Kaa na mama yako," akasema. "Ila kwanza nipe kile kitambaa, na kipande chenye pilipili nyingi."

Hekaya imekaukia hapa. Nawe msomaji, jipanguse kidevu.