Kwa Nini Chambo Hufungwa kwa Kigeuko

Kabla yangu na kabla ya hao walionizaa, wavuvi wa pwani hii ya ziwa hawakujua kigeuko, kile kiungo kinachozunguka kati ya mshipi na chambo. Mtu alichonga chambo cha mfupa mfano wa dagaa, akatia ndoana mkiani, akakifunga mdomoni kwa mshipi, fundo juu ya fundo, kama nyinyi mnavyofunga mbuzi wa jirani mkidhani atatoroka. Fundo lilikuwa heshima ya mwanamume. Kijana akienda kuposa, baba wa binti alimpa kamba afunge, kisha mzee akajaribu kufungua. Likifunguka, kijana alirudi kwao na aibu yake.

Katika watu hao hakukuwa na hodari wa mafundo kumshinda Bandoma. Alimwoa Nyanzobe, binti wa ng'ambo ya ghuba, mchongaji wa chambo ambaye mikono yake ilijua mfupa. Walipendana, hilo lisifichwe. Lakini Bandoma alikuwa na donda la utotoni. Mama yake aliaga kwamba anakwenda kusalimia kwao, na hakurudi tena. Kwa hiyo kila Nyanzobe alipotaja kwao, mumewe alitafuta kazi ya kumpa.

Siku moja zikaja habari kuwa mama yake Nyanzobe ni mgonjwa na anamwita. Bandoma hakukataa, maana kukataa kungekuwa ukatili. Alisema jambo ambalo kila mtu angelisema: "Hatuendi ukweni mikono mitupu. Nikipata kuhe mmoja wa maana, nitakuvusha mwenyewe."

Na kweli kuhe ni samaki wa heshima, mkubwa, wa kumpelekea mkwe. Shida ni kwamba hakukamatika. Chambo kikivutwa majini kilizunguka, na kwa kuwa kilikuwa kimekazwa, mshipi nao ulizunguka. Ulijisokota ukawa mafundo yasiyofungwa na mtu, kisha ukakatika, chambo kikazama na kazi ya mke wake. Bandoma alirudi mikono mitupu, akafunga kingine, akakaza zaidi. Tena jioni alipoweka kasia chini alijisikia nafuu kidogo, na nafuu hiyo ilimtia haya.

Nyanzobe hakugomba. Alivua bangili ya shaba aliyovalishwa na mama yake, akaiyeyusha, akafua kimsumari chenye kichwa. Akatoboa kipande cha mfupa, akapitisha kimsumari tunduni, ncha yake akaikunja iwe pete. Mshipi akaufunga kwenye mfupa, chambo akakining'iniza kwenye pete.

Bandoma alikishika akakizungusha kwa kidole. "Kinalegea hiki."

"Hakilegei. Vuta."

Akavuta kwa nguvu zake zote. Kichwa cha kimsumari kikagoma tunduni.

"Hakichomoki," mkewe alisema, "ila kinageuka. Kukaza si kushika, mume wangu. Na mimi sichomoki. Nataka kugeuka tu, nimwone mama."

Bandoma alikichukua akaingia mtumbwini. Alipofika majini alitupa chambo, akapiga kasia taratibu. Chini kule chambo kilicheza kikizunguka, lakini mshipi ulilala kimya kati ya vidole vyake. Kuhe akaja, mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona, akameza, akapandishwa mtumbwini akipigapiga mkia.

Sasa hapo, wanangu, ndipo mtu hupimwa. Alikuwa peke yake, na samaki asiye na shahidi hurudishwa majini kirahisi. Bandoma alimwinua kwa mikono miwili na kumtoa nje ya ukingo wa mtumbwi. Aliogopa, mtu mzima yule, aliogopa kama mtoto anayeachwa mlangoni. Kisha jicho lake likaangukia kimsumari cha shaba. Kilikuwa kimevuta uzito wote ule na bado kiko mahali pake. Akamrudisha samaki ndani, akapiga kasia kwenda nyumbani.

"Panda," alimwambia mkewe. "Twende kwenu."

Walimkuta mama bado anapumua, lakini hakuweza tena kumeza hata maji. Nyanzobe alimshika mkono. Mama akapapasa pale palipokuwa na bangili, hakuikuta, akaushika mkono wenyewe. Hakuuliza umeleta nini. Alfajiri alikata roho, na kuhe yule wakamla waombolezaji.

Bandoma alirudi peke yake, maana mwana hukaa na msiba wa mamaye. Alikaa ufukweni akiwaza zile siku alizomsubirisha mkewe kwa ajili ya samaki, na akalia. Hangemlaumu kama angebaki huko. Msiba ulipokwisha, mtumbwi ukatokea, na Nyanzobe alikuwa ndani yake, akipiga kasia mwenyewe.

Na tangu siku hiyo mvuvi wa huku hakifungi chambo moja kwa moja kwenye mshipi, ni lazima pawe na kigeuko katikati. Siku hizi mnakinunua dukani cha chuma, mkachagua kidogo au kikubwa kwa kadiri ya samaki, vema. Na tangu siku hiyo, mke akisikia mama yake anaumwa, huondoka saa hiyo hiyo, na kwetu hakuna anayetazama mikononi mwake kuona amebeba nini.