Arobaini ya Kidevu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwa, nasema!

Pakawa!

Haya. Na wewe huko nyuma, acha kutafuna, usikilize.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na Bi Fuko. Aliishi chini ya ardhi, kwenye giza totoro, na hakuwa na mtoto. Alitamani mtoto, alitamani, alitamani! Siku moja mvua ikanyesha, maji yakazoa kila kitu, yakamleta mjusi mchanga mpaka mlangoni pake. Bi Fuko akampapasa. Akakuta vijimiiba laini chini ya kidevu. Akacheka peke yake.

"Mtoto mdogo hivi na ndevu! Basi wewe ni Kidevu, na mimi ndiye mama yako."

Sasa, mafuko wana mila yao. Mtoto mpya hatolewi nje mpaka atimize siku arobaini. Bi Fuko akamwingiza Kidevu chumba cha ndani kabisa. Akamlaza kwenye udongo mbichi, laini, baridi, kama apendavyo yeye. Akamletea nyungunyungu wanene. Alimpenda, jamani, msije mkasema hakumpenda.

Siku ya kumi, Kidevu akala kidogo. Siku ya ishirini, akalamba tu. Siku ya thelathini akafumba mdomo, hafumbui. Mwili baridi zizima.

Bi Fuko akatoa pua shimoni, akamwita jirani yake Pimbi, yule akaaye mawe ya juu na kuota jua kutwa.

"Pimbi wee! Njoo! Mwanangu hali!"

Pimbi akaingia, chafya, chafya. Akamgusa mtoto, akaruka nyuma.

"Mama yangu! Mbona wa baridi hivi?"

"Bado siku kumi atoke," akasema Bi Fuko.

"Siku kumi? Siku mbili tu utamzika! Huyu hana moto mwilini kama mimi na wewe. Moto wake uko juani. Bila jua chakula hakisagiki tumboni, na mifupa inalegea."

"Na mila je? Mafuko wenzangu watasemaje?"

"Watakuja kukupa pole."

Bi Fuko akambeba mtoto mgongoni, huyoo, akatoka.

Jua likampiga usoni. Haoni kitu! Akafuata sauti ya Pimbi, kwata, kwata, kwata, mpaka kwenye jiwe bapa lenye moto. Akamlaza Kidevu. Kidevu hasogei. Ndevu zake zimegeuka nyeusi ti kwa ugonjwa.

"Tumechelewa?" akauliza Bi Fuko.

Pimbi alikuwa ameangalia juu.

"Mwewe! Ingia shimoni, Bi Fuko, kimbia!"

Akimbie? Amwache nani? Bi Fuko akamlalia mwanawe, akafumba macho. Vuuu! Mwewe anashuka. Pimbi akaburuta tawi la miiba, akalitupa juu yao. Kucha zikakita kwenye miiba, chwaa! Mwewe akapiga ukelele, akaenda zake na mguu unavuja damu.

Bi Fuko akajitoa chini ya miiba, akashuka jiweni, akaweka mkono kifuani pa mtoto. Hamna. Akangoja. Hamna. Akangoja tena, machozi yanamtiririka. Jiwe likampa Kidevu joto, jua likampa joto. Kifua kikainuka, kikashuka. Ndevu zikaanza kuacha weusi. Kidevu akafumbua jicho moja, akafumbua la pili, akamtazama.

"Mama," akasema, "kumbe ndiyo sura yako hii!"

Bi Fuko akalia kwa sauti, hakuona haya.

Siku ileile wakamjengea Kidevu kwake. Upande mmoja jiwe la kuota jua, upande wa pili gogo lenye uvuli akizidiwa na joto. Tawi la kupanda, mchanga mkavu, maji kidogo ya kunywa, na miiba juu kumzuia mwewe. Chakula, majani ya mchunga na panzi wadogo, wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Bi Fuko hakuweza kukaa juani. Alikaa mlangoni pa shimo lake, akimsikiliza mwanawe akitafuna.

Nanyi wazazi, nanyi watoto mnaotaka kufuga, sikieni: ukimpenda kiumbe, usimpe unachokipenda wewe. Uliza kwanza yeye anahitaji nini ili aishi, umpe hicho.

Hadithi yangu naitua hapa. Atakayeiokota, aibebe kwao.