Mbuzi Waliokula Kitanda cha Nyoka

Wapendwa, nyie wa nyuma mlioegemea ukuta, amkeni. Shule niliikimbia darasa la sita, na bado mmekaa mnanisikiliza mimi!

Alikuwepo bwana mmoja mwenye mbuzi wa harusi ya bintiye. Kijijini kwao wezi walijaa. Akawavusha mbuzi hadi kisiwa kidogo kisicho na watu, akawaacha huko bila mchungaji. Kwa nini? Kisiwa kile kilikuwa na nyoka aliyeishi udongoni, chini ya makuti makavu. Duniani kote aina yake ilikuwa pale tu. Sumu hakuwa nayo, chakula chake mijusi. Lakini nani angekwenda kumuuliza? Wezi walimwogopa, hawakukanyaga.

"Mlinzi wangu hali ugali wala hadai mshahara!" bwana akatamba.

Shemeji yake akamwambia, "Mbuzi wanamaliza miche, shemeji. Udongo unakwenda na mvua. Huyo nyoka wako atalala wapi?"

"Kwani nyoka ana kitanda? Acha vituko."

Mnacheka? Haya. Mbuzi wakazaana, wakatafuna kila chipukizi. Miti mizee ikaanguka, hakuna mche wa kushika nafasi. Mvua ikasomba udongo, yakabaki mawe. Mijusi wakaisha. Nyoka naye akaisha.

Wiki ya harusi bwana akaenda na kamba zake. Hakukuta hata kwato. Wezi walishaona kisiwa ni mawe matupu, nyoka hana pa kujificha. Walikuja mchana, wakipiga mluzi.

Akarudi analia. "Nani kamuua nyoka wangu?"

"Mbuzi wako," shemeji akasema.

"Toka lini mbuzi akala nyoka?"

"Walikula kitanda chake."

Bwana akapangusa machozi. "Basi nitanunua mbuzi wengine. Nitafutie na nyoka mwingine."

"Wapi?"

Haya wapendwa, mwambieni nyie ni wapi. Aliyemuumba nyoka yule alimweka pale pale, hakuficha mwingine stoo.

Sasa sisi. Tukipeleka mnyama mahali, tunauliza atatupa nini: nyama, maziwa, ngozi. Nani kati yetu huuliza atakula nini, na nani alikuwa amelala hapo kabla yake? Mama wa kitenge cha njano, umeuliza? Mimi pia sijauliza, na mnajua mdomo wangu ulivyo.

Mbuzi wapo mnadani kila Jumamosi. Nyoka yule hayupo kwenye mnada wowote. Kwa hiyo kabla hujafungua kamba, tazama kwanza chini ya majani.

Mbona amina haitoki?